Kutoka Changamwe kuhamia Molo na watoto watatu, mmoja ana pumu. Mnaoishi huko nipeni ukweli

mama_wa_changamwe

Assalam aleikum, hamjambo wenzangu. Naomba mnisaidie kimawazo manake hapa nyumbani Mombasa tushazungumza hadi tumechoka, sasa twanuniana tu.

Mume wangu ni dereva wa lori. Zamani yadi yao ilikuwa Miritini, lakini tangu mwaka huu uanze tajiri kahamishia kila kitu Nakuru na yeye sasa ni Nakuru, Malaba mpakani mwa Uganda, Kampala, Kampala Malaba Nakuru, huku kwetu aja mara moja kwa miezi miwili na akija alala tu. Kitinda mimba wangu wa miaka minne mara ya mwisho alimkimbia akajificha nyuma ya mlango. Hilo lilimuuma sana babake, na mie liliniuma.

Sasa bwana ashaamua tuhamie Molo, huko juu kwenye baridi kaunti ya Nakuru. Ana rafiki yake huko, alilala kwake mara mbili Desemba, karudi na picha za mashamba ya kijani na kondoo na gunia la viazi. Asema kodi ni nusu ya ya hapa, hewa safi, na kila akitoka Malaba atapitia nyumbani ale chakula changu. Na eti kuna jirani ya huyo rafiki auza robo ekari, kwa hivyo tusikae kupanga sana, tununue tujenge.

Wasiwasi wangu ni huu. Huyo wa miaka minne ana pumu. Kifungua mimba yuko Gredi 8, wa kati Gredi 4. Mie nashona madera na mabuibui, ndio riziki yangu na nina wateja wangu wa miaka. Sijawahi kukaa mahali penye baridi maishani, kwangu baridi ni kusi likivuma Julai nikajifunika leso. Na pia, mtanisamehe, Molo sie huku tuliijua kwa habari za vita vya uchaguzi. Mnaoishi huko niambieni, mtu kama mie na watoto, bila mume usiku mwingi, patanifaa? Msinifiche.

---

kijana_wa_turi

Karibu dada. Mimi nimezaliwa Turi hapa karibu na Molo, nimesoma huku, nimeoa huku, kwa hivyo napenda kwetu na sitapaharibia jina, lakini mumeo amekuja Desemba mara mbili na hapo ndo shida yote ilipoanza. Desemba Molo ni kama harusi. Jua linawaka, watu wamerudi nyumbani, kila mahali nyama ya kondoo, hata mimi Desemba nafikiriaga sitawahi kutoka huku.

Sasa nikuambie Julai. Unaamka saa kumi na mbili huoni choo kama kiko nje. Ukungu unaweza kukaa hadi saa nne, siku zingine hauendi kabisa, inageuka tu kuwa manyunyu. Nguo ukifua Jumatatu unaanua Alhamisi na bado kola ina unyevu, sare ya mtoto unamalizia kukausha kwa pasi. Matope hayo ya gambuti. Molo iko karibu mita 2,500 kutoka usawa wa bahari na wewe unatoka kwenye usawa wenyewe, kwa hivyo wiki za kwanza hata kupanda kilima kidogo na mtungi utahema kama mzee, usishtuke, mwili unazoea.

Alafu kuna kitu hakuna mtu huwaambia wageni, jikoni. Huku juu maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha, yaani yanabubujika lakini si moto ule wa Mombasa, kwa hivyo maharagwe ukipika vile umezoea utamaliza gesi na bado yanagonga sahani. Nunua sufuria ya presha hata kabla ya kununua blanketi. Blanketi nayo nunua mbili mbili.

Mazuri yapo na ni mengi. Viazi, kabeji, njegere, maziwa freshi ya jirani, hivi hutanunua kwa bei ya Mombasa. Mbu ni wachache sana, malaria huku si ugonjwa wa kila mwezi. Watoto wanacheza nje bila kuogopa gari. Mjini benki zipo, duka za dawa zipo, netiwaki ni sawa, stima hupotea mvua ikipiga sana lakini inarudi. Msikiti upo mjini, ila jamii ni ndogo, usitegemee madrasa kila kona kama huko kwenu. Na kodi ni kweli ni nafuu, nyumba ya mawe vyumba viwili mimi nalipa elfu nane. Za mbao ni chini ya hapo lakini na mtoto wa pumu usiniguse hiyo hadithi, upepo unaingia kwa nyufa kama umealikwa.

Ushauri wangu, njoo ukae hata wiki mbili wakati wa baridi na hao watoto. Usije mwenyewe. Watoto ndo watakuambia.

---

Dereva_Mzee

Dada kijana wa Turi amesema vizuri ya hewa, mimi niongee ya lori kwa sababu hiyo ndio sababu kubwa mumeo ametoa na naona haijasimama sawasawa.

Nimeendesha hiyo barabara miaka 19. Mzigo wa transit, ule unaopita kwenda nchi nyingine, ukifungwa unawekwa silii ya elektroniki ya KRA, watu wa kodi, wanakuona kwa skrini uko wapi, ukitoka kwa barabara uliyoandikiwa inalia huko kwao na simu yako inaanza kulia pia. Sasa kutoka Malaba unateremka Eldoret, Timboroa, Mau Summit, Sachang'wan, Salgaa, Nakuru. Molo haiko kwa hiyo barabara, iko kando, unapinda Mau Summit au unapinda kule chini. Lori lenye silii hulipindishi ukale chapati. Atapaki barabarani, achukue matatu ama boda usiku, aje akuone masaa matatu, arudi kabla turniboi, msaidizi wake, hajalala mzigo ukafunguliwa. Mimi nilijaribu hiyo maisha mwaka mmoja. Nilikuwa nafika nyumbani nimechoka kuliko ningelala kwa kebini.

Akirudi mtupu hapo ni sawa, tajiri akikubali. Lakini siku ambazo yuko huru kabisa ni zile lori liko yadi linafanyiwa sevisi ama linangoja mzigo. Na yadi wewe umesema iko Nakuru. Kutoka Nakuru hadi Molo kwa matatu ni saa moja na zaidi, kutoka Nakuru hadi Njoro ni kama nusu saa. Muulize kwa upole siku ngapi kwa mwezi lori lake hulala yadi na ngapi liko njiani, aandike kwa karatasi. Hiyo hesabu ndio itawaambia mkae wapi, si picha ya kondoo.

Na huo mteremko wa Sachang'wan anaujua, sina haja kumwambia. Lori la mafuta liliungua hapo 2009 wakafa watu zaidi ya mia moja. Sasa wanapanua barabara ya Rironi hadi Mau Summit, hadi imalizike kutakuwa na misongamano na michepuko, kwa hivyo hata hiyo ya kupitia nyumbani kwa haraka aisahau kidogo.

---

pilipili_usoni

Mama Changamwe usisahau kubeba nazi. Na kibao cha kukunia. Na nazi zingine.

Alafu mzee hapo juu ametaja Salgaa, kituo cha malori chenye sifa zake za usiku, akapita haraka haraka kama lori halina breki 😂

---

Dereva_Mzee

Wewe pilipili tulia. Salgaa tunapaki kula na kulala.

---

mama_Wawili_Elburgon

Dada yangu pole na hayo mawazo. Mimi mtoto wangu wa pili ana pumu na tunaishi Elburgon, kutoka hapa hadi Molo si mbali na baridi ni ile ile, kwa hivyo naongea kitu nimekilalia macho.

Watu watakuambia baridi inaua mtoto wa pumu na wengine watakuambia hewa safi itamponya. Wangu hakufa na hakupona. Kile kilikuwa kinamwangusha zaidi si baridi yenyewe, ni moshi. Huku kila nyumba jioni inawasha kuni ama makaa, hata kama wewe una gesi jirani anawasha, ukungu unashika ule moshi chini na unaingia ndani. Miaka miwili ya kwanza nilikuwa nachukua jiko la makaa naingiza chumbani tupate joto, nafunga madirisha, kila mtu huku anafanya. Daktari alinigombeza hadi nikalia. Kwanza huo moshi unamkaba mtoto, pili makaa kwa chumba kilichofungwa yanaweza kuwamaliza wote mkiwa usingizini bila kusikia harufu yoyote. Familia nzima. Tafadhali hiyo usiwahi, hata kama baridi inakuuma meno. Chupa ya maji moto ndani ya blanketi, soksi, kofia ya kulala, na mtoto alale katikati yenu.

Cha pili ni usiku. Mchana hospitali ya Molo ipo, inashughulikia mambo mengi, ya bingwa unatumwa Nakuru ile kubwa tuliyozoea kuita PGH. Lakini pumu haikuji mchana. Wangu ilimshika saa nane usiku, mvua, baba yake alikuwa safarini, simu ya mwenye gari haishikwi, boda hataki kutoka. Nilikuwa na inhela na chupa ya soda ya nusu lita iliyotobolewa matako ikaingizwa mdomo wa inhela, muuguzi alikuwa amenionyesha, mtoto anapumua kupitia hiyo chupa polepole. Hiyo chupa ndio ilitufikisha asubuhi. Kwa hivyo swali langu kwako si baridi. Saa nane usiku ukiwa Changamwe unagonga mlango wa nani? Na ukiwa Molo utagonga wa nani? Mimi nilikuwa na shemeji nyumba ya pili na bado nilitetemeka. Wewe utakuwa mgeni, mumeo yuko Tororo.

Kabla uhame mwone daktari wake huko, beba dawa za miezi miwili na faili yake, na kama mko SHA, bima ya afya ya serikali, hakikisheni mmejua kituo gani cha karibu kinawapokea kabla siku ya shida.

Ya shule usiogope sana. Huyo wa Gredi 8 ndiye wa kuangalia, mwakani ni Gredi 9 na mtihani wa kwenda sekondari ya juu, na alama zingine wanaanza kukusanya mapema, kwa hivyo ukimhamisha muhula wa katikati hakikisha shule ya zamani imemwachilia kwa mfumo wa wizara, la sivyo anakaa darasani huku lakini jina liko Mombasa. Wengi wamesumbuka na hiyo. Lakini kwa Kiswahili watoto wako watatuaibisha wote huku 😀

---

nilikuwepo_2008

Nimesoma swali la uchaguzi na naona kila mtu analizunguka. Wacha nilijibu mimi.

Ni kweli. 1992, 1997, na 2007 kuingia 2008, hapa kuliungua. 2008 nilikuwa darasa la sita, tulitoka nyumbani na godoro moja na kuku, tukaishia kwenye mahema ya uwanja wa maonyesho Nakuru miezi mingi. Baba alirudi kujenga pale pale. Tangu hapo tumepiga kura 2013, 2017 na 2022 na mtaani kwetu hakuna aliyehama. Jirani yetu Mkalenjin, wa upande ule mwingine wa vita, ndiye alisimamia mazishi ya baba. Lakini pia nikuambie ukweli wa ndani, ikikaribia uchaguzi mama bado huweka karatasi zote za muhimu kwa mfuko mmoja karibu na mlango. Hasemi kitu, anaweka tu.

Wewe kama mtu wa pwani hauko kwa huo ugomvi, mara nyingi ni mambo ya ardhi yamevalishwa siasa. Na hapo ndio nataka kukushika mkono. Hiyo robo ekari. MSINUNUE. Angalau si mwaka huu. Huku kuna ploti za kampuni za zamani za kununua mashamba, mtu anakuonyesha karatasi ya hisa si hati. Kuna zingine ziko karibu na msitu wa Mau, na hizo unajua vile serikali ikiamka na mguu mbaya watu hufurushwa. Na hata kama hati iko safi, shamba la kilimo lazima lipitie bodi ya ardhi ndio uuzaji ukubalike, na mke wa anayeuza lazima awe amekubali. Fanyeni upekuzi ofisi ya ardhi wenyewe, msipewe karatasi ya upekuzi na anayeuza. Rafiki wa mumeo anaweza kuwa mtu mzuri kabisa na jirani yake asiwe.

---

mama_wa_changamwe

Nimesoma yote, wallahi mmenitoa machozi na mmenichekesha. Mama Wawili hiyo ya chupa ya soda sikuijua na mtoto wangu ana pumu miaka miwili, kesho nauliza kliniki wanionyeshe. Na swali lako la saa nane usiku limenikaa. Huku nagonga kwa mama Fatu, hata si jamaa yangu, lakini ana tuktuk na hajawahi kuniuliza nauli.

Dereva Mzee, mambo ya silii mume wangu hajawahi kunieleza. Nimemuuliza swali lako la siku ngapi yadi, asema ataniambia akifika Eldoret.

Jamani na kushona je? Niambieni wanawake wa Molo huvaa nini.

---

kijana_wa_turi

Dada huvaa sweta. Juu ya sweta wanavaa jaketi. Kama kuna dera iko chini ya hizo zote hakuna atakayeiona 😂

Lakini usikate tamaa, mke wangu ana kibanda cha nguo mjini na anasema hivi: kinachotembea huku ni sweta za shule. Kila mtoto anahitaji, zinachanika kwa waya za shamba, Januari na Mei watu wanapanga foleni. Mashine ya kufuma ni kitu kingine na ile ya cherehani, itabidi ujifunze, lakini mtu anayejua vipimo na kumalizia kazi safi hachukui muda. Suruali za sare pia na kurekebisha mitumba, majaketi ya mitumba huja makubwa kama hema na kila mtu anataka ipunguzwe. Mabuibui utashona ya watu wachache, na hao wachache watakupenda sana kwa sababu sahii wanatoa Nakuru.

Pesa ya huku inakuja kwa msimu. Viazi vikiuzwa vizuri mji mzima unacheka, vikianguka bei hata fundi wa viatu anajua. Shangi, aina ya viazi tunavyolima, haiwezi kukaa stoo muda mrefu inachipua, kwa hivyo mkulima anauza hata kwa hasara na wewe fundi unaambiwa nitakulipa mavuno ijayo. Elburgon nao walikuwa wanategemea mbao, ukataji miti ulipopigwa marufuku 2018 mama Wawili atakuambia duka ngapi zilifungwa hadi Rais akatangaza kuondoa marufuku 2023. Weka akiba ya miezi sita hivi ya kodi, usije ukitegemea cherehani kulisha watoto mwezi wa kwanza.

---

mama_Wawili_Elburgon

Maduka mengi. Hata sisi.

Dada kama ni lazima mje huku juu angalia Njoro kwanza. Ni baridi ndio lakini si hii yetu, iko chini kidogo, chuo kikuu cha Egerton kiko hapo kwa hivyo nyumba za kupanga ni nyingi na wanafunzi wanashonesha, na Nakuru iko karibu mtoto akizidiwa. Si kijijini vile mumeo anataka, kondoo si wengi.

---

Dereva_Mzee

Njoro naunga mkono. Ama hata Nakuru yenyewe pembeni, mama atapata wateja wa mabuibui na madrasa pia.

---

mama_wa_changamwe

Haya wenzangu, narudi na majibu.

Bwana alipofika Eldoret nikampigia, nikamsomea jibu la Dereva Mzee neno kwa neno. Akanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akaniuliza, "Huyo mzee yuaendesha lori gani?" Nikajua limemuingia. Baadaye akahesabu mwenyewe, kwa mwezi lori lalala yadi siku saba hadi tisa, njiani apita Mau Summit mara sita na mara nne katika hizo ana mzigo wa silii. Kwa hivyo ile ya kupitia nyumbani kila safari ilikuwa mara mbili kwa mwezi tu, na yeye alikuwa hajawahi kuihesabu.

Robo ekari tumeiacha. Rafiki yake kakasirika kidogo, atapoa.

Tulichokubaliana ni kuwa shule zikifungwa Agosti nachukua watoto wote watatu, twakaa wiki moja Molo kwa huyo rafiki manake bwana hataki kuonekana kashindwa kabisa, na wiki moja Njoro tupange chumba. Nasikia Agosti baridi bado ipo, basi itatosha. Mtoto wa Gredi 8 amekataa kuhama kabisa, asema atabaki kwa nyanyake Kisauni amalize Gredi 9, hilo bado twalizungumza na sidhani ana makosa. Nyumba ya Changamwe siiachi hadi Januari na cherehani yangu haitoki hapa kabla mie sijajua saa nane usiku nagonga kwa nani.

Mama Wawili, nikifika huko naomba nikutembelee na huyu mdogo, nakuletea nazi. Na kijana wa Turi, hayo mablanketi mawili mawili huuzwa sokoni hapo Molo ama nibebe kutoka Kongowea?

---

kijana_wa_turi

Usibebe. Ya Kongowea ni shuka.